Vita vya Chupa ya Wino kwenye Dirisha la Tatu

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kusimama foleni hadi miguu ikafa ganzi. Nanyi mlioambiwa mje kesho, mkaja kesho, mkaambiwa kwamba kesho yenyewe ilikuwa jana. Tegeni masikio, wekeni simu zenu kimya, watulizeni watoto. Habari hii haihusu wafalme walioteka miji, wala majeshi yaliyovuka milima katika njaa na theluji. Habari hii ni kubwa kuliko hizo. Ni habari ya mwanamke mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi upande wa kushoto na magoti yanayolalamika kwenye ngazi, jinsi alivyoinuka kitini pake siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, akaenda kuleta wino.

Mahali penyewe palikuwa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, ngome ya ghorofa mbili iliyopakwa rangi upande wa barabarani tu, kwa kuwa wakubwa hupita kwa gari. Ndani yake palikuwa na madirisha manne. La kwanza lilipokea fomu. La pili lilitafuta jina kwenye daftari. La tatu liligonga muhuri. La nne lilikuwa limefungwa tangu zama zisizo na shahidi, na nyuma yake yaliishi mafagio.

Kwenye dirisha la tatu aliketi huyo shujaa wetu, ambaye umma ulimwita Mama Dirisha: Mlinzi wa Muhuri, Mwenye Sauti ya Kengele, Asiyeazimisha Kalamu. Miaka ishirini na sita alikuwa ameketi hapo, na mageuzi matano yalikuwa yamempitia kichwani kama mvua inavyolipitia bati. Yalikuja mageuzi ya kompyuta, wakaletewa kompyuta bila nyaya. Yakaja mageuzi ya kumjali mteja, wakaletewa sanduku la maoni ambalo ufunguo wake ulibaki makao makuu. Yakaja mengine, yakaenda, na kila mara yeye alibaki, na muhuri wake mkononi.

Kisha yakaja ya sita, makuu kuliko yote, yaliyoitwa Mageuzi ya Matokeo.

Aliyeyaleta alikuwa mshauri mmoja mwenye viatu visivyojua vumbi, aliyekaa nao siku tisa na kuondoka akiwajua kabisa. Siku ya kwanza aliwakusanya ukumbini, akanena: "Ndugu zangu, kwa miaka mingi mmekuwa mkihesabu karatasi ngapi, kalamu ngapi, viti vingapi. Hizo ni pembejeo. Mwananchi hali pembejeo! Kuanzia leo tutauliza jambo moja tu: mwananchi amepata nini?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na Mama Dirisha alipiga makofi kuliko wote, tena kwa moyo wake wote, kwani swali hilo alikuwa akilisubiri kwa miaka ishirini na sita. Msimcheke. Maneno yale yalikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba mwananchi amepata nini ni jambo gumu kulihesabu, na mtambo uliokuwa umeshanunuliwa ulijua kuhesabu dakika tu.

Basi kila dirisha likawekewa kitufe, na ukutani, juu ya vichwa vya wanaosubiri, ukatundikwa ubao mkubwa wenye taa. Mteja akikaa, karani anabonyeza. Mteja akiondoka, karani anabonyeza tena kwa kadi yake mwenyewe, ambayo mwingine hawezi kuitumia. Mteja akiondoka kabla ya dakika kumi, taa ni kijani. Akizidisha, manjano. Akipita nusu saa, nyekundu, na ubao unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kuutunza ubao huo akateuliwa Mkuu wa Matokeo, kijana mtanashati aliyekuwa hapo awali akisimamia magari ya ofisi, mawili, yote yakiwa juu ya matofali.

Mwezi wa tatu wa mageuzi, wino wa muhuri ukaisha.

Haukuwa wino wa dukani, wa kutuma mtu akanunue. Ulikuwa wino rasmi, wa zambarau, unaotunzwa na serikali yenyewe, na cheti kisicho na zambarau hiyo ni karatasi ya kufungia karanga. Mama Dirisha akaandika maombi. Akaandika tena. Akaandika ya tatu kwa herufi kubwa. Majibu hayakuja, na watu waliendelea kuja, naye akawa anawaambia kila mmoja, "Njoo Alhamisi, mama," "Njoo Alhamisi, baba," maneno yanayochukua sekunde arobaini kuyasema na kuyaomboleza. Wanaondoka. Anabonyeza. Kijani.

Na hapo ndipo muujiza ulipotendeka. Dirisha la tatu likapanda kutoka asilimia sitini na nane hadi mia. Ofisi ikawa ya kwanza katika kanda nzima. Ikaletwa ngao ya dhahabu bandia, wakapigwa picha, naye Mama Dirisha akawekwa mbele, akashikishwa ngao hiyo kwa mikono ambayo haikuwa imegonga muhuri hata mmoja kwa siku kumi na moja.

Jioni ile mumewe, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho, alimuuliza mezani, "Leo mmehudumia wangapi?"

"Tisini na wawili."

"Mashallah! Na waliopata vyeti?"

Mama Dirisha akammiminia chai, ikajaa, ikafurika kwenye kisahani.

Jumanne hiyo basi, saa nne na dakika kumi, akaja dirishani bibi mmoja mwembamba, amebana mkoba wa plastiki kwapani kana kwamba barabara nzima ilikuwa ikiuwania. Alikuwa amekuja mara tatu. Mara zote tatu alikuwa amehesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa vyema.

"Mwanangu," akasema, "Alhamisi nilikuja. Na ile nyingine nilikuja. Leo nimekuja Jumanne, labda Alhamisi ndiyo yenye nuksi."

"Bibi yangu, wino bado. Njoo..."

"Siwezi kuja tena. Mjukuu wangu yuko darasa la saba. Shule inafunga majina ya mtihani leo, saa tisa alasiri. Asiye na cheti cha kuzaliwa haandikwi. Mwalimu ameniambia kwa upole sana, lakini haandikwi." Bibi akaubana mkoba zaidi. "Mama yake alifariki akimzaa. Hiyo karatasi yenu ndiyo peke yake inayosema huyu mtoto alizaliwa na mtu."

Mama Dirisha akakitazama cheti kilichokuwa kwenye droo, kimekamilika tangu majuma mawili yaliyopita, jina limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na chini kulia pana duara tupu linalosubiri zambarau. Akakitazama kitufe. Kidole chake kilikuwa kimeshafika juu yake, chenyewe tu, kama punda anayeijua njia ya nyumbani. Akakirudisha kidole.

"Kaa hapo hapo, bibi," akanena. "Usiinuke. Hata wakikuambia jengo linaungua, usiinuke mpaka nirudi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasimama. Foleni nzima ikashika pumzi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona kuanzia kiunoni kwenda chini.

Ngome ya kwanza ilikuwa ghala, chini ya ngazi, palipotawala Mzee Funguo, mtunza ghala: Bwana wa Makufuli Tisa, aliyebakiza miezi saba kustaafu na hakutaka kuiharibu kwa kumpa mtu kitu.

"Salamu kwako, ewe mwenye ghala!" akasema Mama Dirisha, akihema. "Nimekuja kwa chupa moja ya wino. Ile pale rafu ya pili. Naziona saba."

"Unaziona wewe, dada yangu, nami naziona," akajibu Mzee Funguo bila kuinua macho. "Lakini kwenye mfumo hazipo. Hazijaunganishwa na tokeo lolote."

"Si niliandika maombi? Mara tatu?"

"Fomu ya kuomba vifaa ilifutwa. Siku hizi hatutoi vifaa. Tunawezesha matokeo."

"Basi niwezeshe, mzee, bibi wa watu amekaa pale juu!"

Mzee Funguo akafungua droo kwa ufunguo, akatoa ndani yake ufunguo wa droo nyingine, na humo akatoa fomu mpya, kurasa nne. Mama Dirisha akaijaza wima, ameegemea kreti la sabuni. Palipoulizwa hali ya sasa, aliandika: Muhuri hauonekani. Palipoulizwa hali tarajiwa: Muhuri unaonekana. Kiashiria: Macho. Hatari zinazoweza kutokea: Wino kumwagika. Mzee Funguo akaisoma yote, akaridhika.

"Safi kabisa. Bado saini ya Mkuu wa Matokeo."

Naye Mkuu wa Matokeo alikuwa kwenye kikao. Kikao kilihusu kupunguza vikao. Shujaa wetu akapanda ngazi thelathini na nne, magoti yakipiga kelele, akaketi kwenye benchi nje ya mlango, akakesha hapo mchana kweupe kama askari kwenye lango la mji uliozingirwa. Saa sita ikapita. Mara mbili aliteremka kumtazama bibi. Mara zote alimkuta palepale, mkoba kwapani, akiwaeleza waliokuwa nyuma yake kwa nini haondoki. Nao hawakumkaripia. Mmoja alimpa maji.

Sasa mtauliza, na ule ubao je? Ubao ulikuwa umefikia manjano zamani, kisha nyekundu, ukaanza kulia. Lakini mlinzi wa mlangoni, mtu mwenye utu, aliona kelele zinasumbua watoto, akaivua kofia yake akaizibia spika.

Saa saba na nusu kikao kikaisha kwa kupanga kikao. Mama Dirisha akaingia.

"Mama yangu!" akasema Mkuu wa Matokeo, akiinuka kwa adabu, maana alikuwa rika la mwanawe. "Karibu, karibu. Saa nane tuna wageni kutoka ofisi sita. Wanakuja kujifunza kwetu. Hasa kwako."

"Mkuu, ninaomba saini. Wino umeisha."

Akaipokea fomu, akaisoma, na uso ukaingia huzuni ya mwalimu aliyekatishwa tamaa. "Mama, mama. Wino ni pembejeo. Si tulishatoka huko?"

"Nilidhani tumetoka, mkuu, mpaka nilipotaka kugonga muhuri."

"Tazama." Akageuza skrini yake. "Dirisha lako lina asilimia mia. Mia! Dirisha lenye asilimia mia linakuja kuniambia lina shida. Shida ipi? Kama ingekuwepo, takwimu zingesema. Nionyeshe shida kwenye takwimu."

"Haiko kwenye takwimu. Imekaa dirishani kwangu tangu saa nne."

"Tangu saa ngapi?"

Akabonyeza, akabonyeza tena, skrini ikajionyesha upya, na mbele ya macho yake mstari wa dirisha la tatu ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Dakika mia mbili na mbili. Asilimia mia ikawa tisini, ikawa themanini na nne. Pale chini mtu alikuwa ameiondoa kofia ya mlinzi kwenye spika, na kilio cha ubao kikapanda ngazi zote, kikaingia ofisini bila kubisha.

"Nini hicho?" akauliza Mkuu wa Matokeo, rangi ikimtoka.

"Hiyo ndiyo shida, mkuu. Sasa imefika kwenye takwimu."

"Bonyeza kitufe!"

"Sibonyezi."

"Mama, wageni wako njiani! Mwambie aje Alhamisi, bonyeza, atahudumiwa Alhamisi!"

Hapo Mama Dirisha akanyooka. Hakuwa mrefu, lakini mlango ulionekana mdogo nyuma yake. Akanena kwa ile sauti ya kengele, sauti iliyozoea kupenya kioo, na makarani wa ghorofa nzima wakaacha kupiga chapa wakasikiliza:

"Sikiliza, mwanangu, maana nitasema mara moja, nina mteja. Mimi nimewaambia watu mia nne na kitu waje Alhamisi, na kila nilipowadanganya, taa ilinipongeza. Nimeshikishwa ngao kwa kufukuza watu upesi. Mume wangu ananiuliza waliopata ni wangapi, namwagia meza chai. Yule mshauri alisema tuulize mwananchi amepata nini. Nami nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma! Basi naliuliza hapa, mbele yako: yule bibi amepata nini? Kadi ya kitufe ni hii, iko mfukoni kwangu. Taa haizimiki mpaka bibi aondoke, na bibi haondoki bila cheti. Kama unataka kijani, nipe zambarau."

Ubao ukalia. Asilimia themanini na nne ikawa sabini na tisa. Mkuu wa Matokeo akatazama dirishani, akaona gari la wageni likikata kona, akachukua kalamu, akatia saini ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne, kisha kwa papara akasaini na bahasha.

Saa nane kasoro dakika tano Mzee Funguo aliikagua saini hiyo kwenye mwanga, akafungua makufuli yanayohusika, akamkabidhi chupa moja kwa mikono miwili. "Tia saini hapa, dada. Na hapa. Ukiimaliza, nirudishie kifuniko."

Kifuniko hicho hakikutaka kutoka. Kilikuwa kimeganda kwenye chupa kwa miaka, na hapo ndipo palipopiganwa pambano la ana kwa ana, kwenye kona ya ngazi. Alikizungusha kwa kiganja, kikakataa. Akakizungusha kwa upindo wa sketi, kikakataa. Akakibana kwenye bawaba ya mlango wa choo, akaita jina la marehemu mama yake, akavuta. Kikatoka, pamoja na theluthi ya wino, iliyomrukia kifuani na kusambaa kwenye blauzi nyeupe kama nishani ya nchi ambayo bado haijaundwa.

Hivyo ndivyo alivyorudi ukumbini, amelowa zambarau, ameinua chupa juu, na foleni ikapasuka, ikampisha njia. Akaketi. Akanywesha padi, polepole, mpaka ikashiba. Akafungua droo. Akaushusha muhuri. Meza iliruka, mafagio ya dirisha la nne yakaanguka.

Saa nane na dakika kumi na mbili.

"Bibi, isome kwanza. Jina liko sawa?"

Bibi akaisogeza karatasi mbali na macho, akaikaribia, akafuata herufi kwa ukucha. "Liko sawa. Na la mama yake lipo."

"Andika namba yangu. Ukifika shuleni, nipigie. Haya kimbia, bibi. Hapana, usikimbie, utaanguka. Nenda haraka."

Mlinzi akatoka hadi barabarani kumsimamishia pikipiki, na bibi akapanda nyuma kama msichana.

Sasa Mama Dirisha angeweza kubonyeza. Badala yake akaitoa droo nzima, akaiweka juu ya meza, vyeti mia nne na kumi na saba, akaanza kuita majina ya waliokuwepo ukumbini, mmoja baada ya mwingine, na kila muhuri uliposhuka mtu alijibu "Naam!" kama kwenye gwaride. Ubao ulikuwa mwekundu kote. Na mbele ya wekundu huo, wakiwa na madaftari mikononi, walisimama wageni kutoka ofisi sita.

"Huu wekundu," akaeleza Mkuu wa Matokeo, jasho likimtiririka hadi kolani, "ni hatua ya juu ya mageuzi. Tumevuka huduma ya haraka. Tuko kwenye huduma ya kina."

Wageni wakaandika: huduma ya kina. Mmoja akapiga picha blauzi.

Hazikupita dakika kumi na mbili, na katibu muhtasi akateremka na barua ya onyo, imechapwa, imesainiwa, imenakiliwa kwa watu watano: Mama Dirisha anatuhumiwa kushusha wastani wa ofisi kutoka mia hadi sitini na moja kwa siku moja. Haijawahi kutokea katika historia ya jengo lile jambo kukamilishwa upesi namna hiyo. Ilikosa kitu kimoja tu, muhuri. Mama Dirisha akaisoma, akaiweka sawa mezani, akaigonga yeye mwenyewe, kwa uangalifu, isije ikakataliwa, akamrudishia katibu nakala zake tano.

"Pole, dada," katibu akanong'ona.

"Pole ya nini? Umepata huduma."

Saa tisa ikafika. Ikapita. Simu ya Mama Dirisha ilikuwa juu ya meza, kando ya padi, nayo ilikaa kimya kama jiwe. Mkono wake uliendelea kugonga, lakini macho yalikuwa kwenye simu. Saa tisa na dakika tano. Saa tisa na kumi. Akagonga cheti kichwa chini miguu juu, mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Saa tisa na dakika kumi na nane ikalia. Ukumbi mzima, watu wasiojuana, wakageukia meza.

"Mwanangu?" Sauti ya bibi ilikuwa inahema. "Nilifika wanafunga daftari. Mwalimu alikuwa ameshachora mstari chini ya jina la mwisho. Nikampa karatasi. Akaiangalia, akaniangalia, akaandika chini ya mstari."

"Ameandikwa?"

"Wa mwisho kabisa. Lakini yumo."

Mama Dirisha akavua miwani, akajipangusa macho kwa kiganja, akajipaka zambarau hadi kwenye nyusi.

Andikeni basi, enyi watunza nyakati. Chongeni kwenye mawe yale yanayobaki baada ya kujenga uzio. Andikeni kwamba katika mwaka wa Mageuzi ya Matokeo, siku ya Jumanne, tokeo lilipatikana. Lilikuwa moja. Halikuingizwa kwenye ubao, kwa kuwa ubao hauna taa yake. Halikuingia kwenye ripoti ya robo mwaka, ambayo kwa kurasa themanini ilieleza ubora wa huduma ya kina. Na ngao ilirudishwa makao makuu kwa gari la kukodi. Lakini waliokuwepo waliliona, na walishangilia, na mlinzi alirusha kofia yake juu ikanasa kwenye panga la feni, iko huko hata leo.

Kelele zilipotulia, Mama Dirisha akavaa miwani, akavuta kiti mbele, akainamia kile kitundu kwenye kioo, na uso wake wa zambarau ukaukabili umma.

"Anayefuata!"